PESA YA UZEENI NI MSHAHARA WETU



Mwezi wa Januari 2021 ilitangazwa katika jiji la New York, huko Marekani, ya kuwa mifuko mitatu ya pensheni ya wafanya kazi wa jiji itaondoa pesa zake katika makampuni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Pesa zenyewe zilikadiriwa kuwa dola bilioni 4. Mifuko hiyo ni ule wa watumishi wa jiji, ule wa walimu, na ule wa watumishi wa idara ya elimu. Kufika mwaka 2022, mifuko miwili iliyo mikubwa katika hiyo mitatu ilikuwa imekwisha kuuza hisa za karibu dola bilioni 3. Mifuko mingine miwili, wa polisi na wa wazima moto, haikuingia katika shauri hili.

Wako wenzetu watakaouliza, haya yatuhusu nini sisi? New York ni mbali, na mwenye kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi hana hisa za kuuza. Twajibu ya kwamba hisa anazo. Kila mwezi anakatwa, na pesa zile zilizokatwa haziketi ndani ya sanduku. Hupelekwa sokoni kununua majumba, hati za mkopo za serikali na hisa za makampuni. Anayezipeleka ni mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hapendi kuulizwa.

Ndiyo sababu twataka kuzungumza juu ya New York. Lililofanyika kule halikufanywa na Meya peke yake, ingawa magazeti yaliandika jina la Meya. Lilifanywa katika meza ambayo wafanya kazi wanakaa. Halmashauri ya wadhamini wa mfuko wa watumishi wa jiji ina viti 11, na vitatu ni vya viongozi wa vyama vya wafanya kazi: chama cha watumishi wa jiji kiitwacho District Council 37, chama cha wafanya kazi wa usafiri, na chama cha Teamsters. Katika mfuko wa walimu wako wadhamini watatu waliochaguliwa na walimu wenyewe. Bila watu hawa kuinua mikono, Meya angalipiga kelele mpaka sauti ikauke.

Na kelele alizipiga. Mnamo Januari 2018 Meya Bill de Blasio, pamoja na Scott Stringer aliyekuwa mdhibiti wa fedha wa jiji, walitangaza ya kuwa mifuko ya pensheni itatoka katika mafuta kwa muda wa miaka 5. Mwezi ule ule jiji lilifungulia mashtaka makampuni matano makubwa: BP, Chevron, ConocoPhillips, ExxonMobil na Shell, likitaka yalipe gharama za kuukinga mji na bahari inayopanda. Mashtaka yalitupwa na jaji mwezi wa Julai mwaka ule ule, na mahakama ya rufani ikakubaliana naye mwaka 2021. Ile ahadi ya pensheni nayo ilikaa miaka mitatu kabla ya kuwa kitu cha kushikika. Katikati ya muda huo Bwana Meya alikwenda kutafuta urais wa Marekani mwaka 2019, akashindwa. Twasema haya ili mtu asidhani tunaimba sifa za mameya. Meya huja na kwenda, na mfanya kazi anayekatwa pesa anabaki pale pale.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe tunalopigana nalo. Neno hili lilisemwa New York, na husemwa hapa kwetu kila mara wanachama wanapotaka kujua akiba yao inafanya kazi gani. Wakubwa husema: "Pensheni si siasa. Kazi ya mdhamini ni faida tu. Waachieni wataalamu."

Twataka ndugu zetu walitazame neno hili vizuri, kwa maana historia ya jiji hili hili inalikanusha.

Mwaka 1975 New York ilifilisika, au ilibakia saa chache ifilisike. Mabenki yalikuwa yamekataa kuikopesha. Mnamo tarehe 17 Oktoba ya mwaka ule deni lilikuwa limefika, na hazina haikuwa na kitu. Nani aliyeokoa mji? Si mabenki, wala si Rais wa Marekani, aliyekuwa hataki kusikia habari za kuusaidia. Ni mfuko wa pensheni wa walimu. Kiongozi wa chama cha walimu, Albert Shanker, alikataa kwanza, kisha akakubali, na mfuko ukanunua hati za mkopo za dola milioni 150 siku ile ile. Hati zile hakuna mwenye akili aliyekuwa akizitaka. Vyama vingine navyo vilitia pesa za wanachama wao baadaye.

Basi tuulize. Siku ile, ni mkubwa gani aliyesimama akasema pensheni si siasa? Hapana hata mmoja. Pesa za uzee wa mwalimu zilipotakiwa kuwalipa wenye kuudai mji, zilikuwa pesa za umma, za uzalendo, za kusifiwa. Mwalimu yule yule akisema leo, "Sitaki pesa yangu ichimbe mafuta yatakayozamisha nyumba yangu," ndipo anaambiwa anachanganya pensheni na siasa.

Tena liko jambo la mwaka 1984, ambalo sisi Waafrika hatuna haki ya kulisahau. Mwaka ule wadhamini wa mfuko wa watumishi wa jiji la New York walikata shauri la kuuza, kwa muda wa miaka mitano, hisa za makampuni yaliyokuwa yakifanya biashara na serikali ya makaburu Afrika Kusini. Wafagiaji, makarani, madereva na wauguzi wa New York, wengi wao watu weusi, walikataa pesa zao zisaidie kuwafunga ndugu zetu. Watu waliosema wakati ule ya kuwa hisa hazina rangi walikuwako. Mandela alipotoka kifungoni alifika New York mwezi wa Juni 1990, na barabara zilijaa watu. Hatusikii siku hizi mtu akijisifu ya kuwa alipinga shauri lile la 1984.

Kwa hivyo mtu asituambie mambo haya ni mapya, au ni ya vijana tu. Pesa ya uzeeni imekuwa na upande siku zote. Mdhamini anayeinunulia hisa kampuni amekwisha chagua upande, hata kama aliinunua akiwa amelala.

Na upande wa makampuni haya ni upi? Mwaka 1977 mtaalamu wa kampuni ya Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wake ya kwamba moshi wa mafuta na makaa unaongeza joto la dunia. Aliwaambia wao ndani ya nyumba yao. Miaka mingi baadaye kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikitoa pesa kuwaambia watu wa nje ya kuwa mambo hayajulikani vizuri. Mwenye nyumba akijua paa linaoza, akampangisha mtu bila kumwambia, sisi hatumwiti mfanya biashara hodari. Tuna jina lingine.

Tarehe 29 Oktoba 2012 tufani iliyoitwa Sandy ilipiga New York. Watu 43 walikufa mjini, na hasara ilihesabiwa kuwa dola bilioni 19. Maji ya chumvi yaliingia katika njia za reli zilizo chini ya ardhi, na waliozisafisha, wakabadili nyaya, wakapanga zamu za usiku, ni wanachama wa chama kile cha usafiri chenye kiti katika mfuko. Mtaa wa Breezy Point uliwaka moto katikati ya mafuriko, nyumba zaidi ya 100 zikateketea, na wazima moto walifanya kazi maji yakiwa miguuni. Tarehe 1 Septemba 2021 mvua ya tufani nyingine, Ida, iliwaua watu 13 mjini. Kati yao 11 walikufa katika vyumba vya chini ya ardhi. Je, ni nani anayekaa katika chumba cha chini ya ardhi New York? Ni mpishi, ni mwosha vyombo, ni mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Tajiri hakai huko.

Wenzetu wa Mathare hawana haja ya kuelezwa zaidi. Waliyaona maji ya Aprili 2024. Wala ndugu zetu wa kaskazini waliozika ng'ombe wao katika ukame wa 2020 mpaka 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo.

Inashangaza basi kwamba mifuko miwili iliyokataa kutoka katika mafuta ni wa polisi na wa wazima moto, yaani wale wanaotumwa kuingia majini kuwatoa watu. Hatuwatukani. Wana haki ya kupiga kura yao wanavyotaka, na pesa ni zao. Lakini twaona ya kuwa hapo neno la "faida tu" limefanya kazi yake vizuri sana, maana limemfanya mtu alipe kwa mkono mmoja gharama ya kitu anachokinunua kwa mkono wa pili.

Sasa tuwajibu wapinzani, kwa kuwa wana hoja, na chama kisichojibu hoja hakifai.

Hoja ya kwanza: ukiuza hisa wewe, mwingine atazinunua, na kisima hakifungwi. Ni kweli. Hapana kisima kilichofungwa Texas kwa sababu mwalimu wa Brooklyn ameuza hisa. Aliyewaambia watu kinyume cha hayo aliwadanganya. Tena uamuzi wa 2021 haukufika kila mahali. Uliwashika wenye akiba za mafuta ardhini, bali mabomba na vituo vya gesi vilivyonunuliwa kwa njia ya mikataba ya faragha vilibaki nje, hata Brad Lander, mdhibiti wa fedha aliyemfuata Stringer, akalazimika kupendekeza mnamo Oktoba 2024 ya kuwa mlango huo nao ufungwe kwa siku za mbele. Kazi ilikuwa nusu. Lakini hoja hii haisemi ya kuwa ni vizuri kubaki na hisa. Inasema tu ya kuwa kuondoka peke yake hakutoshi, na hapo twakubaliana.

Husema pia, basi bakini ndani mwongee na kampuni kama wenye mali. Haya, tuone jinsi kampuni inavyoongea na wenye mali. Januari 2024 ExxonMobil iliwapeleka mahakamani wenye hisa wawili wadogo, Arjuna Capital na Follow This, kwa kosa la kutaka mkutano mkuu upige kura juu ya kupunguza moshi. Wakaondoa ombi lao, na kampuni bado ikaendelea na kesi kwa miezi kadhaa mpaka jaji akaitupa. Ndiyo mazungumzo hayo. Sisi tuliopata kupeleka malalamiko kwa tajiri tukajibiwa na wakili twayajua mazungumzo ya namna hiyo.

Hoja ya pili ni ya faida. Wasema, mafuta yanalipa. Ndiyo, yalilipa: mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, ExxonMobil ilipata faida ya karibu dola bilioni 56. Mwenye hisa alicheka. Lakini waliosema hivyo walikuwa kimya miaka miwili nyuma. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilipata hasara ya dola bilioni 22, ikatolewa katika orodha ya makampuni makubwa iitwayo Dow Jones, na tarehe 20 Aprili ya mwaka ule bei ya mafuta ya Marekani ilishuka chini ya sifuri, maana yake mwenye mafuta alimlipa mtu ili ayachukue. Mchezo wa namna hii una watu wake, nao wana pesa za kupoteza. Pesa ya mjane wa fundi si ya kuchezea kamari, hata siku ambayo kamari imeshinda.

Jambo hili lilifika mahakamani pia. Mwaka 2023 watumishi kadhaa wa jiji waliishtaki mifuko yao, wakisema kuuza hisa za mafuta kumehatarisha pensheni zao. Nyuma yao kilisimama chama kiitwacho Americans for Fair Treatment, ambacho kazi yake ni kuwaonyesha watumishi wa serikali njia ya kutoka katika vyama vya wafanya kazi. Ni ajabu jinsi wapenzi wa pensheni yetu wanavyokuwa siku zote ni maadui wa chama chetu! Mwaka 2024 jaji aliitupa kesi. Alisema washtaki hawakuumia, kwa kuwa Katiba ya Jimbo la New York, tangu 1938, yakataza pensheni ya mtumishi isipunguzwe. Hisa zipande, hisa zianguke, mzee atalipwa kile alichoahidiwa.

Mkishike vizuri kifungu hicho, maana tutakirudia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo yatoka kwa wafanya kazi wenzetu. Mchimba makaa aliye West Virginia anauliza, "Mkiua kampuni yangu, nani atanilisha?" Chama kinachomdharau mtu huyu si chama. Lakini twamwomba atazame ni nani aliyemla. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya makaa, Peabody, ilizaa kampuni nyingine iitwayo Patriot Coal, na ikaitwisha mzigo wa matibabu ya maelfu ya wazee waliochimba makaa ya Peabody. Mwaka 2012 Patriot ikatangaza kufilisika. Mwaka 2013 jaji akairuhusu kuvunja mikataba yake na chama cha wachimba migodi, wazee wenye mapafu yaliyojaa vumbi wakasimama barabarani wakilia haki. Peabody yenyewe ilifilisika mwaka 2016. Mfuko wa pensheni wa wachimba migodi ulikaribia kukauka, hata bunge la Marekani likalazimika kuuokoa kwa pesa ya serikali mwezi wa Desemba 2019.

Hakuna hata mmoja katika mambo hayo aliyeletwa na mwalimu wa New York. Ni matajiri wa makaa walioyafanya, kwa kalamu na wakili. Mchimba makaa alilinda kampuni, na kampuni haikumlinda. Twataka serikali na matajiri waseme kabla, na waandike katika mkataba: mgodi ukifungwa, ni nani atakayelipa mshahara, matibabu na pensheni, na kazi mpya itakuwa wapi. Wanachama wa mifuko wanaotoa pesa katika makaa bila kudai haya kwa ajili ya mchimbaji wameacha nusu ya wajibu wao, nasi twasema hivyo hata kama ni rafiki zetu.

Sasa turudi kwenye kile kifungu cha Katiba. Mtumishi wa New York analindwa. Mfuko ukipata hasara, jiji hujaza pengo. Mfanya kazi wa Kenya hana ukuta huo. Akiba yake katika NSSF, na katika mifuko mingi ya makazini siku hizi, ni kile alichokatwa pamoja na faida itakayotangazwa. Mdhamini akinunua vibaya, anayekula hasara ni mwanachama, tena anaijua siku anapostaafu, wakati hawezi tena kurudi kazini. Na makato si kidogo kama zamani. Tangu Februari 2023 zile shilingi 200 za mwezi zimekuwa historia, na kila mwenye kupokea karatasi ya mshahara anajua anakatwa ngapi sasa.

Kwa hiyo ikiwa mfagiaji wa New York, ambaye hawezi kupoteza hata senti, alitaka kujua pesa zake zimelala kwa nani, sisi tunaoweza kupoteza zote tuna sababu gani ya kunyamaza? Viti tunavyo. Katika halmashauri ya NSSF wako watu waliopelekwa na wafanya kazi. Katika mifuko ya makazini sheria yataka wadhamini wengine wachaguliwe na wanachama, na mkutano wa kila mwaka uitishwe. Mara nyingi mkutano huo hufanywa siku ya kazi, ndani ya hoteli, watu wakanywa chai, wakapewa kitabu chenye picha, wakapiga makofi.

Twataka mwaka huu iwe namna nyingine. Kila tawi lichague watu wawili wa kuhudhuria mkutano wa mfuko wake. Wasiulize "hali ya mfuko ikoje", maana swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Waulize majina. Kampuni gani, hisa ngapi, zilinunuliwa lini na kwa bei gani, nani alishauri, na alilipwa kiasi gani kwa ushauri wake. Iko kampuni ya mafuta? Iko ya makaa? Iko kampuni iliyofukuza wanachama wetu kwa kugoma? Jambo hili la mwisho tusilisahau, kwa kuwa si ajabu kumkuta mtu anakopesha fimbo anayopigwa nayo.

Mdhamini wetu akisema hajui, aambiwe akajue, na apewe siku. Akisema ni siri, aulizwe ni siri ya nani kwa nani, wakati pesa ni zetu. Makatibu wa matawi waandike majibu watakayopewa, neno kwa neno, wayalete ofisini kabla ya toleo lijalo. Tutayapiga chapa hapa yote, pamoja na majina ya mifuko itakayokataa kujibu.